Mhariri, tuonyesheni na nyuma ya picha

Ndugu Mhariri,

Tangu mchapishe ile makala ya picha za kale za Waingereza, simu yangu haipumui. Jamaa wa Mombasa, rafiki wa Tanga, mpaka mjukuu wangu aliyeko Muscat, wote swali lao ni moja: ni kweli Waingereza wa enzi za Malkia Victoria walikuwa wakiwavisha maiti suti, wakawasimamisha na kuwapiga picha? Mimi nasema si kweli. Na kwa kuwa habari ilitoka gazetini, naona na majibu yapitie humo humo.

Nina haki ya kulisemea jambo hili kwa sababu kupiga picha ndiyo kazi iliyonilisha. Niliingia studio ya mjomba wangu Mombasa nikiwa kijana wa kufagia chumba cha giza na kukoroga dawa, nikaishia kuwa na studio yangu mwenyewe: pasipoti, maharusi, wanafunzi waliofaulu, watoto wa arubaini. Sasa nimestaafu, naishi kwa binti yangu hapa Leicester. Majirani walipojua nilikuwa nani, wakaanza kuniletea albamu za wazee wao. Huwa wanazikuta darini mzazi anapofariki na nyumba inapotakiwa kuuzwa. Kitabu kizito cha ngozi, kikomeo cha shaba, na ndani nyuso tele za watu ambao hakuna aliye hai anayewajua.

Nianze na yule bwana mwenye ndevu mliyemwita maiti. Amesimama kando ya nguzo ya mbao iliyopakwa rangi ifanane na marumaru, na nyuma ya visigino vyake panachungulia miguu ya chuma. Mwandishi wenu kasema hicho ndicho kilichomshika asianguke. La hasha. Hicho ni kishikio cha kichwa, na studio isiyokuwa nacho wakati ule haikuwa studio. Picha ilichukuliwa kwenye kioo kilichopakwa dawa na kutiwa katika kamera kingali kimelowa, njia aliyoitangaza Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Dawa hiyo ilikuwa ya polepole. Hata chini ya paa la vioo, mteja alitakiwa atulie sekunde kadhaa. Simama sasa hivi, msomaji, uhesabu mpaka nane bila kutikisa kichwa, utaona shingo inavyokusaliti. Basi mpiga picha alikuwekea nyuma stendi yenye uma mdogo unaogusa kisogo. Haikubebi, inakukumbusha tu kichwa ulikiacha wapi. Maiti ni mzigo mzito. Mwegemeze mtu aliyesinzia kwenye stendi ya maikrofoni ukumbini, kisha utazame nani anatangulia kufika chini.

Picha za maiti zilikuwepo, sikatai. Wengi walipigwa wamelazwa kitandani au jenezani, na wachanga wakiwa mapajani mwa mama zao. Kwa kawaida ukiziona unazijua, hazikufichwa. Lakini kile chuma ni dalili ya uhai, kwani maiti hatikisiki, kishikio cha nini? Naomba msahihishe.

Kuhusu macho, mwandishi kaandika kwamba yale macho meupe yalichorwa juu ya kope za mfu. Dawa ya vioo vile iliona buluu karibu sawa na nyeupe, na nyekundu karibu sawa na nyeusi. Mwingereza mwenye macho ya buluu alitoka na macho ya kutisha, fundi akachukua brashi nyembamba akatia doa la mboni. Kwa sababu hiyo hiyo madoadoa ya jua usoni yalitoka meusi kama mtu kaugua ndui, na gauni jekundu likatoka jeusi tii. Kila mara naletewa bibi wa gauni jeusi naambiwa, "Huyu alikuwa mjane." Huenda. Na huenda siku ile alivaa nyekundu na alikuwa anatoka kula biriani ya kwao.

Haya yote yanatokea kwa sababu picha imepoteza jina, na watu hawavumilii uso usio na jina. Watauzulia kitu tu. Nimeliona hili kwa karibu katika albamu ya jirani yangu, mama mmoja muuguzi mstaafu, mtu mwema sana, aliyekuja nayo ndani ya mfuko wa supamaketi.

Albamu za aina ile kila ukurasa ni karatasi nene iliyokatwa madirisha, na picha inachomekwa kupitia mwanya mdogo ulio chini. Chini ya madirisha kulikuwa na maneno ya penseli, mwandiko mwembamba uliolala: Shangazi Eliza, Kapteni, Mama akiwa Scarborough. Mama jirani akadhani kazi imekwisha, majina si hayo? Nikamwonyesha dirisha la Kapteni. Ndani yake alikaa msichana wa miaka kama mitano na kikapu cha maua. Watoto wa vizazi vilivyopita walikuwa wamezichomoa zile kadi za picha wakizichezea, wakazirudisha popote. Majina yalibaki pale pale, watu wakahama.

Picha aliyokuwa na hakika nayo kuliko zote ilikuwa ya mwanamke kijana aliyembeba mtoto mgongoni, mzaha mzaha. Akaniambia huyo ni mama wa bibi yake, "kidevu ni cha kwetu." Nikaomba tuitoe. Nilipenyeza kipande cha karatasi ngumu chini ya ukingo, nikaisukuma kidogo kidogo ili mwanya usichanike, ikateleza ikatoka. Jina la studio lilikuwa W. & D. Downey. Aliyebeba ni Alexandra, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme, na mtoto ni binti yake Louise, mwaka 1868. Nakala zipatazo 300,000 za picha hiyo ziliuzwa. Mama jirani alicheka mpaka akavua miwani, akasema basi kumbe wao ni wa nyumba ya kifalme na serikali haijawaambia.

Hilo si jambo la ajabu. Mfaransa Disdéri ndiye aliyepata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mjini Paris mwaka 1854 ya kutoa picha kadhaa ndogo kwenye kioo kimoja, hata nane, zikakatwa na kubandikwa kwenye kadi ya kama sentimita 6 kwa 10. Bei ikashuka, fundi wa viatu naye akaweza kupigwa picha kama tajiri. Kisha mwaka 1860 mpiga picha Mayall akauza picha za Malkia Victoria, mumewe na watoto wao katika kadi hizo hizo, na Uingereza nzima ikashikwa na wazimu wa kukusanya. Watu walinunua malkia dukani wakamweka ukurasa wa mbele, akafuata askofu, jenerali, mwigizaji wa kike wa London, ndipo aje mjomba. Kwa hiyo "jamaa asiyejulikana" katika albamu huenda si jamaa hata kidogo.

Sasa, Mhariri, swali langu kwenu: nyuma ya zile picha mlizochapisha kuna nini? Kwa mpiga picha, nyuma ndiko kwenye habari. Mbele mteja anapozi, anaazima hata mnyororo wa saa. Nyuma mwenye studio anajitangaza, na mtu anayejitangaza lazima aseme yupo wapi.

Hapa mjini alikuwepo mpiga picha John Burton, duka lake likitazama mtaa wa Haymarket, ndiye mmoja wa walioshikilia bango mpaka ukajengwa mnara wa saa mwaka 1868, huo huo ambao mpaka leo vijana wakipeana miadi wanasema tukutane hapo. Mafundi kama yeye walichapa jina na mtaa nyuma ya kila kadi. Wengi walihamahama, leo nambari hii, kesho ng'ambo ya barabara. Na Waingereza, Mungu awape, walikuwa na vitabu vya anwani za biashara vilivyotoka mara kwa mara, nani anauza mishumaa wapi, nani anapiga picha wapi. Chuo Kikuu cha Leicester kimeviweka vingi mtandaoni bure. Unatafuta studio yako: toleo hili yumo kwenye anwani hiyo, toleo linalofuata hayumo. Umeshapata miaka ya picha bila kuuliza mtu. Ukipata na mtaa wa ukoo, unafungua sensa, ambayo huku hufanywa kila miaka kumi na yenye majina tangu 1841, unaona nyumba ile alilala nani na alikuwa na umri gani.

Kadi yenyewe nayo husema. Za mwanzo mwanzo wa miaka ya 1860 ni nyembamba na pembe zake zimekatwa mraba. Baadaye kadi zikanenepa, pembe zikaviringwa, zikaja rangi nzito na kingo za dhahabu. Kuanzia 1866 zikaingia kadi kubwa zaidi, ambazo mwisho wa karne zilizifukuza zile ndogo. Ukikuta stempu ya kodi imebandikwa nyuma, hiyo ni ya Marekani, kati ya Septemba 1864 na Agosti 1866, wakati serikali yao ilipotoza picha kodi kulipia vita. Familia nyingi za hapa zilikuwa na ndugu waliovuka bahari, na stempu moja imewahi kumwambia mtu kwamba babu mdogo aliyedhaniwa kafa kitambo alikuwa Marekani anapozi.

Mavazi yanasaidia, ila yana hila. Gauni lililopanuliwa kwa pete za chuma chini lilienea mpaka katikati ya miaka ya 1860, kisha upana ukahamia nyuma ya kiuno, na miaka ya 1890 ikawa zamu ya mikono kuvimba mabegani. Lakini bibi mwenye miaka sabini havai fasheni ya mjukuu wake, anavaa aliyoizoea. Na mtoto mwenye gauni na nywele za mawimbi anaweza kuwa mvulana, kwani wavulana walivalishwa magauni mpaka walipofika miaka minne, mitano au zaidi ndipo wapewe suruali. Tena kuna kudurufu: mtu wa miaka ya 1880 alichukua picha ya zamani ya marehemu baba yake akaenda studio, ikapigwa upya na kubandikwa kwenye kadi mpya. Kadi ni mpya na mtu ni wa zamani. Kazi hiyo nimeifanya sana Mombasa, na watu wa baadaye wakizikuta sijui watasemaje.

Katika albamu ya jirani kulikuwa na mwanamke mwingine, amekaa, gauni la mirabamiraba pana kama hema, mkono juu ya kiti chenye mashada ya nyuzi. Kiti hicho hicho nikakiona kwenye kadi nyingine mbili, kwa hiyo studio ni moja. Kadi nyembamba, pembe za mraba, anwani ya hapa hapa mjini. Kwa sura ana miaka isiyopungua ishirini na mitano. Mama jirani alishasema huyu ni bibi fulani wa ukoo aliyezaliwa 1858. Haiwezekani, wakati wa gauni lile bibi huyo alikuwa bado anafundishwa kusoma. Tukaandika nyuma, kwa penseli laini: mwanamke, mwanzoni mwa miaka ya 1860, Leicester. Tukaishia hapo. Alinuna kidogo, alitaka jina. Lakini jina la kubahatisha likishaandikwa kwa wino, mjukuu analisoma kama ushahidi, anaingiza mti wa ukoo mtandaoni, na baada ya hapo hata malaika hamtoi.

Nyuma ya kadi ile palikuwa pia na nambari, na tangazo kwamba negativu, yaani vile vioo vya kutolea nakala, zimehifadhiwa, mteja akitaka nakala ataje nambari. Hapo moyo wangu uliruka, maana nami nilifanya hivyo hivyo: negativu ndani ya bahasha, nambari juu, jina kwenye daftari. Daftari likipatikana, kila uso unarudishiwa mwenyewe. Kwa bahati mbaya vioo vingi vilikwanguliwa vikatumika tena, na madaftari mengi yakapotelea mbali. Lakini si yote. Mfaransa Camille Silvy, aliyekuwa na studio Bayswater, London, hadi 1868, aliweka madaftari yenye picha kama 17,000, kila moja na nambari yake, na nyingi na majina. Yako kwenye jumba la taifa la picha za watu, National Portrait Gallery, London.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye lililoniudhi kweli kweli. Picha yenu ya pili ni ya mwanamke Mwafrika mwenye gauni la Kizungu, na chini yake mmeandika "Mtumwa katika familia ya Kiingereza". Nani kawaambia? Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilipitishwa 1833, na kadi za aina ile zilienea Uingereza kuanzia karibu 1860. Mmeona ngozi, mkamaliza.

Fungueni madaftari ya Silvy, Septemba 1862. Mtamkuta Sarah Forbes Bonetta, Mwafrika, amesimama kwa gauni pana la hariri, na katika kadi nyingine yuko na mumewe James Davies, mfanyabiashara. Alikuwa mtoto wa Kiyoruba aliyetekwa na watu wa Dahomey, ufalme wa Afrika Magharibi, akakabidhiwa kwa nahodha Mwingereza mwaka 1850, na Malkia Victoria akagharimia masomo yake. Ndoa ilifungwa Brighton, Agosti ile ile ya 1862, na binti yao wa kwanza malkia mwenyewe alikuwa mama wa ubatizo. Leo kadi ile ikichomoka kwenye albamu ya mtu bila lile daftari, nyinyi mngemwandika nani? Mpishi?

Tena kuna watu wa upande wetu wa Afrika katika picha za wakati ule. Mwaka 1874 Chuma na Susi, watumishi wa mmisionari na mpelelezi Livingstone, baada ya msafara uliobeba maiti yake kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo, waliletwa Uingereza. Wamo kwenye picha iliyopigwa Newstead Abbey, Nottinghamshire, si mbali na hapa, pamoja na watoto wawili wa Livingstone, Agnes na Tom, na kasisi Horace Waller. Tunawajua kwa majina kwa sababu waliokuwepo waliandika majina. Wale wapagazi wengine waliobeba mzigo ule ule miezi ile yote, wengi wao hawakuletwa mbele ya kamera hiyo.

Na studio za Zanzibar mwishoni mwa karne ile, kina A. C. Gomes, ziliuza kadi za wanawake wetu kwa wageni wa meli, na maelezo yake ni "mwanamke wa Kiswahili", basi. Shangazi Eliza wa jirani yangu alikuwa na jina, ukoo ukalisahau. Dada yule wa Zanzibar jina lake halikuulizwa tangu asubuhi aliyokaa kitini. Sasa gazeti la Kiswahili, linalosomwa na wajukuu zake, likimwongezea na cheo cha mtumwa bila ushahidi, tumlaumu nani?

Najua wasomaji wenu wengi huku Uingereza wanafanya kazi ya kulea wazee, na nyumba ya mzee ikifungwa hao ndio wanaoambiwa wabebe masanduku. Ukikuta albamu, piga picha kila ukurasa kwa simu kabla hujachomoa hata kadi moja, kwa sababu mpangilio nao ni habari. Usikate kadi ili iingie kwenye fremu, utakata jina la studio. Usiandike kwa kalamu ya wino. Na kama mzee bado yu hai, mletee chai, mfungulie albamu, mwache aongee. Mzee mmoja niliyeketi naye alisahau chakula cha mchana alichokula lakini akawataja kwa majina wote waliokuwa kwenye mkokoteni wa farasi wa babu yake, na jina la farasi.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkichapisha picha ya zamani, ya Mwingereza au ya kwetu, chapeni na nyuma yake, hata ikiwa ndogo kama stempu pembeni. Mseme imetoka wapi. Kama mliitoa mtandaoni na nyuma haikuonekana, andikeni hivyo. Yule mama wa gauni la Kizungu, ikiwa kadi yenyewe mnayo mkononi, igeuzeni mtuonyeshe toleo lijalo. Hata pakiwa na jina la mtaa peke yake, vitabu vya anwani viko wazi, na mimi mstaafu muda ninao.

Wenu,
Mpiga picha mstaafu wa Mombasa,
Leicester, Uingereza